Kibanio cha Mwalimu Stamili

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu sheria inamtaka anayelitaja awe amesimama wima, mikono ubavuni, nami ninaandika nikiwa nimeketi. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye furaha. Tulitangaziwa hivyo redioni, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza hadharani kupinga.

Mwaka wa masomo ninaotaka kuusimulia ulikaribia ukiwa na upungufu mdogo mdogo. Vitabu havikuwa vimechapishwa. Madawati yalikuwa yamefika wilayani, yakapotelea huko huko wilayani. Shule nyingi zilikuwa zimeezuliwa mapaa na upepo, na nyingine zimeezuliwa bila upepo. Ndipo wakubwa wa Wizara ya Elimu na Mwenendo Mwema wakaenda kukaa hotelini kando ya ziwa ili watafakari. Walitafakari wiki nzima, asubuhi kwa chai na jioni kwa nyama choma, na waliporudi walikuwa wamekipata chanzo cha matatizo yote ya elimu. Chanzo kilikuwa watoto.

"Mtoto unaweza kumpa dawati," alisema Waziri mbele ya waandishi wa habari, "lakini kama hana mwenendo, hilo dawati atalikalia na nini?"

Waandishi waliliandika swali hilo kwa makini, na hakuna aliyethubutu kulijibu.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Profesa Kwirinus Mabonde. Uprofesa wake ni halali kabisa, aliupata alipokuwa waziri wa vyuo vikuu. Mwaka huo alikuwa amesafiri nchi ya mbali kujifunza mbinu za kisasa, akifuatana na mkewe, shemeji yake na mpiga picha. Huko alipelekwa kwenye darasa la watoto wadogo, akaona ubao uliopakwa rangi tatu: kijani juu, manjano katikati, nyekundu chini. Kila mtoto alikuwa na kibanio cha nguo chenye jina lake, na mwalimu alikisogeza juu au chini kulingana na tabia ya mtoto. Mheshimiwa alitazama kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha kahawa, kisha akaenda dukani. Lakini katika muda huo mfupi aliona mustakabali wa taifa.

Hivi ndivyo tulivyopata Mfumo wa Taifa wa Kusimamia Mwenendo Darasani, ambao sisi wananchi tuliuita Ubao. Kila darasa nchini lilitakiwa kuwa nao kabla ya siku ya kufungua shule. Mtoto mwema angekaa kwenye kijani. Aliyeteleza angeshushwa kwenye manjano. Aliyefika kwenye nyekundu angerudishwa nyumbani "kuandaliwa upya", na nafasi yake angepewa mtoto aliyekwisha kuandaliwa. Zabuni ya vibanio iligombewa na makampuni mengi, akashinda shemeji wa Waziri, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa amevinunua vibanio vyote nchini kabla zabuni haijatangazwa. Ndiyo sababu msimu ule nguo za raia zilionekana juu ya miti na kwenye mapaa ya jirani.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu Stamili Chande, ambaye mkasa huu ulimpata.

Alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika Shule ya Msingi Tambarare, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti ya chini ambayo watoto walilazimika kunyamaza ili waisikie. Hakuwa mkorofi. Kodi alilipa, wimbo wa taifa ukipigwa alisimama. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda kufundisha, na katika kazi ya ualimu hilo humchelewesha mtu sana.

Walimu wa wilaya waliitwa kwenye semina ya kuupokea Ubao. Aliyeiendesha alikuwa Afisa Mwenendo wa Wilaya, Bwana Matolea, kijana aliyevaa suti ya kijani kuonyesha mfano. Aliwauliza walimu, "Mtoto mwenye mwenendo mwema ni yupi?"

Mwalimu Stamili alinyoosha mkono. "Ni yule anayeuliza asipoelewa, na anayemsikiliza mwenzake."

Bwana Matolea alimtazama kwa huruma. "Hapana, Mwalimu. Ni yule anayeitikia kabla hajaulizwa. Andikeni."

Walimu waliandika. Mwalimu mkuu wa Tambarare, Bwana Chilumba, aliandika mara mbili. Alikuwa amekaribia kustaafu, na watu waliokaribia kustaafu katika nchi yetu ni watu wa kukubali.

"Naomba kuuliza," Mwalimu Stamili alisema tena. "Darasa langu halina chaki. Hizi rangi tatu za Ubao zingeweza kubadilishwa kwa chaki?"

"Chaki ni ya kufundishia," Bwana Matolea alijibu. "Sisi hapa tunazungumzia elimu."

Siku ya kufungua shule, kabla kengele haijagongwa, bibi mmoja aliyefunga kanga kiunoni alimleta mjukuu wake mpaka mlangoni mwa darasa la nne. Mtoto aliitwa Sikudhani. Alikuwa na miguu ya vumbi na macho yasiyotulia, na alikuwa anaanza upya darasa hilo kwa sababu mwaka uliopita alifukuzwa shule ya jirani.

"Mwanangu," bibi alimwambia Mwalimu Stamili, "huyu mjukuu wangu ana mdomo. Simtetei. Kitu akikiona anakisema. Huko alikotoka walimpiga, wakachoka, wakamfukuza. Nawe ukimfukuza, sina tena pa kumpeleka, atakwenda kuponda kokoto na mama yake."

"Anasema uongo?" Mwalimu Stamili aliuliza.

"Uongo hajui. Ndiyo taabu yenyewe."

"Basi mwache, mama."

Ubao ulikuwa umeletwa na kuegeshwa ukutani, vibanio vimo kwenye gunia. Mwalimu Stamili hakuugusa. Aliketi sakafuni na watoto, maana hapakuwa na pengine pa kuketi, akawauliza, "Tuko wengi na chumba ni kidogo. Ili kila mtu aweze kusoma humu, tufanye nini?"

Walikuwa hawajawahi kuulizwa. Kisha mmoja akasema anayeongea asikatizwe. Mwingine akasema ukiazima kalamu uirudishe. Sikudhani akasema, "Mtu akikosea jibu tusimcheke. Mimi walinicheka, nikamng'ata mtu."

"Na aliyechelewa?" Mwalimu aliuliza.

Walijadiliana kwa muda. Walikubaliana kwamba aliyechelewa asipigwe wala asifungiwe nje, ila asimame mbele aseme pole kwa darasa zima, kisha aende kukaa. Mwalimu aliyaandika makubaliano hayo ukutani kwa mkaa, kwa herufi kubwa. Jumanne iliyofuata yeye mwenyewe alichelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Alisimama mbele akasema, "Poleni, wanafunzi wangu," na watoto wakaitikia, "Tumepoa, Mwalimu." Tangu siku hiyo hakuna aliyelichukulia jambo lile kama mchezo.

Baada ya majuma machache darasa lile lilikuwa linasoma. Si kwamba palikuwa kimya. Palikuwa na kelele kama za watu wanaojenga nyumba. Sikudhani aligombana, akaomba radhi, akagombana tena mara chache zaidi, kisha akagundua kwamba hesabu za kugawanya zinampendeza kuliko ugomvi. Ubao nao ulipachikwa ukutani kama ulivyoagizwa, ukafunika nusu ya maneno ya mkaa, na vibanio vyote vilikaa kwenye kijani. Mwalimu Stamili aliviweka hapo siku moja, hakurudi kuvitazama tena.

Kumbe sifa hizo zilifika wilayani, zikapanda mpaka wizarani: kuna shule ambako vibanio vyote viko kwenye kijani. Waziri alifurahi. Aliamua uzinduzi wa kitaifa wa Ubao ufanyike Tambarare. Ubao ulikuwa umeanza kutumika nchi nzima, lakini kwetu kitu hakijawa kitu mpaka kikatiwe utepe.

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Watoto walipangwa uwanjani mapema, wakapewa bendera za karatasi. Jua lilipanda, bendera zikalegea, na watoto wawili wa darasa la kwanza wakazirai. Bwana Matolea aliwashusha hao wawili kwenye manjano kwa kulala wakiwa kwenye mstari. Waziri alifika alasiri, msafara wake ukatimua vumbi lililowafunika waliobaki wamesimama, naye akahutubia kwa kirefu juu ya umuhimu wa kuwahi.

Kisha aliingia darasa la nne na wapiga picha. Aliutazama Ubao, uso ukamkunjamana.

"Mbona vyote ni kijani?"

"Ni mafanikio, Mheshimiwa," alisema Bwana Chilumba.

"Mafanikio gani? Wote wakiwa wema, wananchi wataionaje kazi ya serikali? Picha ya kijani tupu haina ujumbe. Nipatieni mmoja wa nyekundu."

Bwana Matolea aliwageukia watoto. "Nani humu ana tabia mbaya?"

Watoto walitazamana. Walilifikiria swali kwa uaminifu, maana walikuwa wamezoea kulifikiria kila wanaloulizwa. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Sema," alisema Waziri, na wapiga picha wakasogea.

Sikudhani alisimama. "Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi nataka nikusaidie tu, kwa sababu wewe ni mgeni na maneno yamefunikwa na huo ubao. Humu aliyechelewa anasema pole kwa darasa zima, halafu anakaa. Hapigwi. Hata Mwalimu alisema."

Chumba kilikuwa kimejaa watu, lakini inzi mmoja aliyekuwa kwenye maikrofoni ya redio ya taifa alisikika nchi nzima. Mkuu wa wilaya, aliyekuja na msafara, alitazama viatu vyake. Bwana Chilumba alifumba macho. Waziri hakusema pole. Katika maisha yake ya uongozi neno hilo alikuwa amelitumia misibani tu, tena kwa niaba ya serikali.

"Nyekundu ndiyo hiyo," alisema taratibu. "Ameonekana."

Bwana Matolea alikuwa ameshakipata kibanio chenye jina la Sikudhani. Mtoto alikitazama, akaelewa. Hakulia. Alianza kukusanya kidaftari chake na kipande chake cha penseli, kama mtu aliyewahi kukusanya vitu vyake mahali pengine.

Mwalimu Stamili alikuwa amesimama karibu na dirisha. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule jambo lililomjia akilini halikuwa la kishujaa hata kidogo. Lilikuwa mkono ule wa mtoto ukikusanya penseli. Moyoni alimwona bibi wa mtoto kama alivyosimama mlangoni siku ya kufungua shule, akaziona na kokoto.

"Mheshimiwa," alisema, "mtoto hajakosa. Kanuni hiyo niliiruhusu mimi."

"Mwalimu, umeulizwa?" alisema Bwana Matolea.

"Sijaulizwa. Lakini kama kinachotakiwa ni nyekundu kwa ajili ya picha, niwekeni mimi. Mtoto akiwekwa, itakuwa picha ya kawaida. Mwalimu kwenye nyekundu hajawahi kuonekana popote."

Waziri alimgeukia. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kusisimka. Alimnong'oneza mpiga picha, mpiga picha akaitikia kwa kichwa.

"Ana kibanio?" aliuliza Waziri.

"Hana."

"Apewe."

Wakaandika jina la Mwalimu Stamili kwenye kibanio kipya, Waziri mwenyewe akakibana chini kabisa, na watu wakapiga makofi. Cha Sikudhani kikarudishwa kwenye kijani, kwa kuwa hakikuwa na kazi tena. Mwalimu alimwekea mtoto mkono begani. "Rudisha vitu vyako," alimwambia. "Kaa. Hesabu tunaendelea nayo kesho." Lakini alijua yeye kesho hatakuwepo.

Picha ile ilitoka kwenye magazeti yote. Ilivuma kiasi kwamba Wizara iliamua kila mwalimu nchini awe na kibanio, kisha wauguzi, kisha makarani na madereva wa serikali. Baraza la Mawaziri pekee halikuwekewa Ubao, kwa kuwa mwenendo wa mawaziri ni siri ya serikali.

Mwalimu aliyefika kwenye nyekundu hawezi kurudishwa nyumbani kuandaliwa, kwa kuwa nyumbani kwake hakuna mtu mwenye mamlaka hayo. Yeye huhamishwa. Mwalimu Stamili alihamishiwa Shule ya Msingi Nguzo ya Taifa, mpakani kabisa mwa nchi. Alisafiri kwa lori la chumvi, akishuka kusukuma kila lilipokwama. Dereva alipomwambia wamefika, hakuamini. Palikuwa na kibao cha chuma chenye jina la shule na jina la Waziri, jina la Waziri likiwa kubwa zaidi. Nyuma ya kibao palikuwa na nyasi mpaka macho yanapoishia.

Shule ile ilikuwa imejengwa na kuzinduliwa mara mbili kwenye televisheni. Ilikuwa na mwalimu mkuu, mlinzi, maktaba na vyoo vya kisasa, vyote vikiwa kwenye makaratasi.

Mwalimu Stamili alikalia sanduku lake, akalia kidogo. Sidhani kama tunaweza kumlaumu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi na wanawe alimwona, akaja kumsalimu.

"Umepotea, dada?"

"Mimi ni mwalimu. Nimeletwa kwenye shule hii."

Mwanamke alikitazama kibao, akamtazama yeye. "Tuliambiwa utakuja," alisema, "kabla sijaolewa." Kisha akawaita watoto wake waje wamwamkie mwalimu, na kabla ya jioni ile watoto wa maboma ya jirani walikuwa wamekwisha kusikia.

Alifundishia pale pale nyuma ya kibao, watoto wakiandika mchangani kwa vijiti. Wazazi walijenga kibanda cha miti na nyasi, wakakikandika udongo. Mshahara wake uliendelea kumfikia kwa mwenye duka wa mpakani, kwa sababu kwa upande wa makaratasi alikuwa kwenye shule nzuri sana. Nilipopita huko kununua ngozi ndipo nilipokutana naye, na habari hizi nyingi nilizipata kwake.

Habari za Tambarare nilizipata kwa Bwana Chilumba. Baada ya mwalimu wake kuondolewa, mtu huyu wa kukubali alikwenda darasa la nne saa ya mapumziko akiwa na kopo la gundi ya seremala, akavigandisha vibanio vyote vya watoto kwenye kijani. Wakaguzi walipojaribu kuvisogeza vikakataa, naye aliwaeleza kwamba ni unyevu. Sikudhani alifaulu kwenda darasa la tano. Mdomo bado anao.

Bwana Matolea alipandishwa cheo akawa Mratibu wa Mwenendo Kitaifa. Katika cheo hicho ndipo alipofunga safari hadi mpakani. Alishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, akasimama mbele ya kibanda, akasikia watoto wakisoma kwa sauti, kila mmoja mstari wake mchangani. Suti yake ya kijani ilikuwa imelowa mgongoni.

"Mwalimu Stamili," alisema, "unafanya nini hapa?"

"Nafundisha."

"Hawa wote ni nani?"

"Wanafunzi wa Nguzo ya Taifa."

Bwana Matolea alitafuta kivuli, akajifuta uso. "Mwalimu, hebu nielewe. Shule hii mwaka jana ilikuwa ya kwanza nchi nzima kwa mwenendo. Hakukuwa na kelele, ugomvi, utoro wala mtoto wa nyekundu. Mheshimiwa huitaja katika kila hotuba. Wafadhili wameandikiwa habari zake. Sasa wewe umekuja ukaijaza watoto."

"Shule kuwa na watoto ni vibaya?"

"Watoto wana mwenendo, Mwalimu. Kukiwa na watoto, nitalazimika kutoa taarifa za mwenendo wao. Nikizitoa, wataniuliza wanakaa wapi. Nikisema kibandani, wataniuliza jengo liko wapi, na maktaba, na vile vyoo." Alitazama nyasi. "Ukinisaidia kuwatawanya, naweza kukupandisha mpaka manjano."

"Sitawatawanya," Mwalimu Stamili alisema. "Kaandike unayoyaona."

Bwana Matolea alitafakari kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutafakari katika utumishi wake. Alikuwa na mke, nyumba isiyomalizika na tumaini la kuwa katibu mkuu. Aliliomba darasa maji ya kunywa, akapewa. Kisha alipanda gari lake akaondoka, na aliporudi mjini aliandika kwamba amekuta shule ipo kama ilivyokuwa, mazingira ni tulivu, na wanafunzi hawasikiki kabisa.

Kwa hiyo mwaka ule Nguzo ya Taifa ilishika tena nafasi ya kwanza, na haikuletewa ubao, kibanio wala mkaguzi, maana shule kamilifu haikaguliwi. Sherehe za tuzo zilirushwa moja kwa moja kutoka Ikulu. Mwenye duka wa mpakani aliileta redio yake kibandani, watoto wakakaa kuizunguka. Walimsikia Profesa Mabonde akiwasifu kwa ukimya wao, utulivu wao, na jinsi wanavyotembea kwa mstari katika korido ndefu za shule yao.

Walimtazama Mwalimu ili waone kama wanaruhusiwa. Mwalimu Stamili alijitahidi kujizuia, akashindwa, akaanza yeye. Wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia, mpaka akina mama wakaja mbio kutoka kisimani kuuliza nani ameumia, nao walipoelezwa wakakaa chini wakacheka pamoja nao, huku Waziri akiendelea kuhutubia peke yake ndani ya redio.